Foili ya alumini chini ya mabati: tathmini ya bidhaa na kazi ya mafundi Kisumu

Foili ya alumini yenye mapovu ya hewa, ile inayofungwa chini ya paa kuzuia joto na kuuzwa kwa roli katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ndiyo tuliyoichagua kwa nyumba yetu ya mtaa wa Mamboleo, Kisumu, tulipokuwa tukishauriana kuhusu kununua kiyoyozi. Imeshapitia msimu mzima wa joto, kuanzia Januari hadi mvua za masika zilipoanza, na kwa maoni yangu inafaa kununuliwa, mradi anayeifunga awe anaelewa jinsi inavyofanya kazi. Bidhaa hii humtegemea fundi kuliko karibu kila kitu kingine kinachowekwa kwenye nyumba.

Kisumu iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, na sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa. Mabati yenye rangi iliyokolea, kama yale mekundu yaliyoenea siku hizi, yanaweza kupata joto la zaidi ya nyuzi 60 saa saba mchana. Joto hilo huteremka kwa mionzi hadi kwenye dari, dari nayo ikalitoa chumbani, na ndiyo maana mtu aliyekaa ndani huhisi kichwa kikichomwa hata madirisha yakiwa wazi na upepo wa ziwani umeanza kuvuma. Feni haiwezi kuondoa joto la namna hiyo, hulizungusha tu.

Alumini safi inayong'aa huakisi zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya joto, na yenyewe hutoa mionzi kidogo mno hata ikiwa imepata moto. Sifa hizo mbili hufanya kazi pale tu uso unaong'aa unapotazamana na nafasi ya hewa. Ikilazwa ikagusana na mabati, alumini hupitisha joto upesi kama chuma kingine chochote, na mwenye nyumba anabaki na pambo ghali ambalo halionekani. Nafasi ya sentimita mbili na nusu inatosha, ingawa zaidi ni bora. Jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni vumbi: uso unaotazama juu hufunikwa na vumbi na kupoteza nguvu yake polepole, ilhali unaotazama chini hubaki safi kwa miaka mingi, na kazi yake ni ileile. Kwa hiyo anayenunua foili yenye uso mmoja tu unaong'aa auelekeze chini.

Mafundi tuliowapata walipendekezwa na muuzaji wa duka lililo upande wa Kibuye. Mkuu wao alinipendeza tangu alipopanda darini, kwani kabla ya kugusa roli alifuata nyaya zote kwa tochi, kisha akaniita kutoka juu: “Mzee, zima stima ya nyumba nzima kwanza, hii karatasi ni chuma.” Tahadhari hiyo si ndogo. Nchini Australia, katika mpango wa serikali wa kuzuia joto majumbani wa mwaka 2009 na 2010, mafundi walikufa kwa kupigwa na umeme walipokuwa wakibana foili kwa pini za chuma zilizotoboa nyaya, na Februari 2010 matumizi ya foili yakasimamishwa katika mpango huo. Fundi anayeanza kupigilia huku swichi kuu ikiwa imewashwa anastahili kuteremshwa papo hapo.

Kasoro niliyoiona ilikuwa kwenye vijana wake wawili, ambao walipofika upande wa jikoni waliivuta foili kwa nguvu hadi ikagusa mabati, na viungo wakaviacha bila utepe. Nilipoeleza, walirudia sehemu hiyo bila ubishi wala malipo ya ziada, lakini mteja asiyepanda ngazi kukagua asingejua. Vitundu vya hewa vilivyo chini ya kilele cha paa waliviacha wazi, kama inavyotakiwa, wakaviwekea wavu ili popo wasiingie.

Kwa bahati roli ziliisha kabla ya sebule kufikiwa, tukapata nafasi ya kulinganisha. Saa nane mchana niliweka kiganja kwenye dari ya sebule nikakuta ubao una joto la kikombe cha chai; chumbani, hatua chache kando, ubao uleule ulikuwa vuguvugu tu. Jikoni, mafuta ya kupikia ya kopo ambayo Februari zote huwa yameyeyuka yakawa kama uji, sasa yanachotwa kwa kijiko mchana. Friji, ambayo zamani haikupumzika alasiri, husikika ikizima na kukaa kimya kwa muda.

Kuhusu umeme, hesabu yenyewe ni rahisi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hutumia takriban wati 1,000 kinapofanya kazi, na feni ya kusimama takriban wati 50 au 60. Familia inayoweza kuishi na feni badala ya kiyoyozi inaokoa pesa nyingi. Tena, kwa kuwa tangu Aprili 2023 bei ya uniti ya umeme kwa nyumba nchini Kenya hupanda matumizi yanapovuka uniti 30 na tena yanapovuka 100 kwa mwezi, kiyoyozi kimoja chaweza kuisukuma nyumba ya kawaida hadi kwenye bei ya juu kabisa.

Usiku, foili haina msaada mkubwa. Kuta za mawe hunywa jua la jioni upande wa magharibi na kulirudisha hadi saa nne au saa tano, na dawa yake ni kufungua madirisha yanayoelekeana, yakiwa na nyavu nzuri za mbu, kwani bila nyavu hakuna atakayeyaacha wazi katika eneo hili lenye malaria. Madai ya wauzaji kwamba mapovu yale yanazuia joto sawa na pamba nene ya nyuzi za kioo inayotandazwa darini nayo si ya kweli. Mapovu ni membamba, na kazi halisi inafanywa na alumini pamoja na hewa iliyo mbele yake. Kelele za mvua zimepungua kidogo.

Anayejenga sasa achague kwanza mabati ya rangi nyeupe au ya maziwa, kisha afunge foili kabla ya dari kupigiliwa, maana sisi tulilipa ufundi uliokaribia bei ya roli zenyewe kwa sababu ya kufungua na kurudisha mbao za dari. Mpangaji hana sababu ya kugharamia kazi hii katika nyumba isiyo yake. Amwombe mwenye nyumba ruhusa ya kupaka paa rangi nyeupe, kazi ambayo haihitaji kuvunja chochote na huonekana manufaa yake siku ileile jua linapowaka.