Dired ya Emacs: laiti ningeijua v mapema

Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, na kazi inayonilipia kodi ya chumba ni ratiba za mazishi. Ikifika Alhamisi jioni folda ina faili thelathini na ushei: wasifu wa marehemu, shukrani, nyimbo, kila familia na zake. Naandikia Emacs, programu ya kuandikia maandishi, kwa kuwa ni ya bure na laptopu yangu ni ya kale. Faili nazitafuta kwenye Dired, ile orodha ya faili inayofunguka ukibonyeza Ctrl-x kisha d.

Mwaka wa kwanza nilijua Enter peke yake. Siku moja mama mmoja akaja kuhakikisha tarehe ya kuzaliwa ya mumewe. Nikafungua kwa Enter, tukasoma wote wawili, kiwiko kikagusa kibodi, nami kwa mazoea nikasevu. Kopi mia mbili zikatoka zimeandikwa "Marehemujj". Karatasi nililipa mimi, na macho ya yule mama sijayasahau.

Dawa ilikuwa herufi moja. Weka kishale kwenye jina la faili, bonyeza v: inafunguka ya kusomwa tu. Spesi inateremsha ukurasa, q inakurudisha kwenye orodha. Sasa kiwiko kikigusa j, Emacs inakataa, haiingizi kitu. Mteja akisema, "Hapo rekebisha, mwanangu," nabonyeza e ndipo naandika.

Nyingine ninayoipenda ni Ctrl-o. Faili inaonekana dirisha la pili huku kishale kikibaki orodhani, kwa hiyo nalinganisha majina ya wakwe katika faili tatu bila kupotea. (o yenyewe bila Ctrl inakuhamisha kabisa hadi kwenye faili. Mimi siitumii sana.)

Kasoro zipo. Ukiingia folda ndani ya folda, orodha zote ulizopitia zinabaki wazi nyuma; toleo la 28 lilileta mpangilio wa kuzifunga, lakini lazima uuwashe mwenyewe. Faili za Word nazo nazifungua kwa &, halafu naandika libreoffice, na laptopu yangu hapo hupumua kama mzee anayepanda Riat.

Kijana anayenisaidia Jumamosi nimembandikia karatasi juu ya skrini: "Mteja akiwa hapa, v. Enter baadaye."