TAHADHARI: Mita za mshale za "50 µA" zimechakachuliwa, zinamaliza betri

Wadau wa elektroniki, hasa mnaounda vifaa vya kutumia betri. Kuna muuzaji mtandaoni anatangaza mita za mshale, zile ndogo za kufunga kwenye paneli, akidai zinakula mikroampea 50 (µA 50) tu mshale ukifika mwisho wa skeli. Bei yake iko chini ya ile ya madukani Kariakoo, na sharti lake ni utume hela kwanza, mzigo utaukuta kwa basi. Nimenunua mbili. Zote kanyaboya.

Nilifunga moja kwenye kipima unyevu wa udongo kinachotumia betri ya volti 9. Mshale haukunyanyuka. Nikamwandikia, akajibu haraka na kwa upole: "Punguza rizista, kaka, itapanda tu." Ni kweli, ukipunguza rizista, yaani kizuizi cha mkondo wa umeme, mshale unapanda, na hapo ndipo mchezo wake ulipo. Mteja akiona mshale unacheza anaamini mita ni nzima, kumbe amefungulia mkondo mkubwa upite. Nilipounga multimita, kifaa cha kupimia umeme, ikasoma 5 mA (miliampea 5, sawa na µA 5,000) mshale ukiwa mwisho wa skeli, yaani mara mia ya kilichoandikwa usoni.

Betri ya alkalini ya volti 9 ina kama mAh 500, yaani inaweza kutoa 1 mA kwa saa 500. Kwa 5 mA ni saa 100, siku nne na ushee. Mita ya kweli ya 50 µA, hata mshale ukikaa mwisho wa skeli usiku na mchana, ingehitaji zaidi ya mwaka kuimaliza betri hiyo peke yake.

Nikafungua kioo. Uso wenye namba ni stika, imebandikwa upande kidogo, na kona moja ilikuwa imeanza kubanduka. Chini yake kuna uso wa kiwandani, umeandikwa mA kwa wino mweusi, namba 5 inaonekana vizuri. Ya pili chini ya stika ni 1 mA. Hiyo ina nafuu, betri inafika kama siku 20, lakini si nilicholipia.

Nilipombana akasema niongeze rizista ili itumie umeme kidogo. Msikubali hilo. Kinachosukuma mshale ni mkondo unaopita kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya mita. Ukiongeza rizista mkondo unapungua kweli, ila mshale nao unashuka. Koili ya 5 mA haiwezi kufika mwisho wa skeli kwa 50 µA hata uifanyie nini.

Kupima ni rahisi. Chukua betri moja mpya ya AA na rizista ya kilo-ohmu 33, uziunge mfululizo na mita. Mita halisi ya 50 µA mshale utasimama kati ya 40 na 50. Ya 1 mA utanyanyuka kidogo sana, na ya 5 mA ni kama hujaunga kitu. Usiipime koili kwa multimita ukiwa umeiweka kwenye ohmu: mkondo wake unaweza kuugonga mshale wa mita nyeti hadi upinde. Tena mita nyeti ikisafirishwa vizuri huja na kipande cha waya kilichounganisha nati mbili za nyuma, ili mshale usiyumbe njiani. Za huyu bwana zilikuja wazi, zimeviringishwa kwenye gazeti.

Angalieni pia zile zenye taa ndani. Taa peke yake inaweza kula 10 au 20 mA, hapo usahihi wa koili haukusaidii kitu. Ikate waya.

Kama umeshanunua na hela hairudi, weka swichi ya kubonyeza kwenye njia ya mita, mshale uamke pale tu unapotaka kusoma. Wenye mikrokontrola (chipu ndogo ya kuendesha kifaa) wanaweza kuiwasha sekunde mbili kila baada ya dakika kumi, wastani wa matumizi utashuka sana. Yangu ya 1 mA nimeiokoa hivyo. Ya 5 mA nimeitoa sumaku.

Ukurasa wake umeshabadilishwa jina, ila picha ni zilezile: mita nyeupe zimepangwa juu ya kitambaa chekundu. Kabla ya kutuma hela mwombe video ya jaribio la kilo-ohmu 33. Mimi nilipomwomba, akaniblock.