Msimu ukigeuka badilisha kopo moja tu: mafuta ya kupaka nimeyapanga, ya kununua kwanza mpaka ya kuacha dukani

Kila hali ya hewa ikigeuka naona watu wanahamisha kabati zima, sabuni mpya, tona mpya, seramu tatu, krimu ya mchana na ya usiku, afu wiki mbili mbele uso umejaa vipele na hawajui kilichowavuruga ni kipi maana vyote walivianza siku moja. Na mimi nilishakuwa hivyohivyo kwahiyo simcheki mtu. Siku hizi msimamo wangu ni kwamba msimu ukibadilika unabadilisha kile kitu cha kulainisha ngozi tu basi, iwe losheni, krimu, mafuta, liite unavyoliita, vingine vibaki palepale. Kwahiyo hapa chini nimeyapanga kwa jinsi ambavyo ningenunua mimi, ya kwanza ndo ningeanza nayo kama hela inatosha kopo moja.

Ila kabla ya kwenda dukani elewa kwanza ngozi inafanyiwa nini na hewa. Ile ngozi ya juu kabisa ni kama ukuta, chembe zilizokauka ndo matofali na katikati yake kuna mafuta ya ngozi yenyewe ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasitoroke. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama ya joto, afu ukiipasha hewa hiyohiyo ndani kwa hita inazidi kuwa kavu, kwahiyo maji yanakutoka kimyakimya mchana kutwa na wewe huna habari mpaka uone ngozi imepauka. Joto lenye unyevu ni kinyume chake, jasho na mafuta vinabaki juu ya ngozi, ukiongeza na krimu nzito hapo unaita chunusi kwa jina. Joto kavu lenye upepo ndo linadanganya watu sana, mtu anaona kuna joto anajua ngozi haikauki, kumbe jasho linayeyuka kabla hata hajaliona. Na wewe unayekaa kwenye kiyoyozi kuanzia asubuhi mpaka jioni, msimu wako ni ukavu mwaka mzima hata nje kukiwa kunachemka, usidanganyike na kalenda.

Kipimo changu cha bure ni muundi. Jikwaruze taratibu kwa ukucha kwenye muundi kabla hujapaka kitu, ikibaki mistari myeupe kama umeandika kwa chaki basi unahitaji kitu kizito kuliko unachotumia sasa hivi. Usoni nawa, jikaushe, usipake chochote, kaa kama nusu saa. Ukicheka ukahisi mashavu yanavutwa ni ukavu, pua na paji la uso vikianza kung'aa ni mafuta, na vyote viwili vinaweza kutokea kwenye uso mmoja wala usishangae.

Haya, tuanze.

Namba moja: krimu ya gliserini yenye seramaidi, isiyo na manukato

Hii ndo ya kuanza nayo na sina wasiwasi kabisa. Gliserini inavuta maji na kuyashikilia, seramaidi ni aina ileile ya mafuta ambayo tayari yapo katikati ya matofali ya ngozi yako, na krimu nyingi za aina hii zinawekewa pia kitu kidogo cha kuziba juu, kwahiyo kopo moja linafanya kazi tatu. Halafu inakunjika kufuata msimu, ndo maana nimeiweka juu ya zote. Kwenye joto unapaka kidogo usiku tu, kwenye baridi unapaka asubuhi na usiku na mikono ukitoka kunawa.

Ukishika kopo geuza nyuma. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo (vikifika chini ya asilimia 1 ndo wanaruhusiwa kuvichanganya wanavyotaka), kwahiyo gliserini ikiwa ya pili au ya tatu baada ya maji hapo kuna kitu, ikiwa imejificha mwishoni kule na rangi za kuwekea urembo, hiyo gliserini ya mbele ya kopo ni tangazo tu. Neno parfum (ndo manukato) ukiliona na ngozi yako inawashwa kirahisi, rudisha. Na usiamini pua peke yake maana kuna krimu hazinuki kitu lakini zimewekewa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine.

Kama kuna ya kujaribia, paka kidogo nyuma ya kiganja, zunguka dakika tano uangalie vitu vingine, afu gandamiza pale kwenye kioo cha simu. Ikiacha doa la mafuta linaloteleza, hiyo ni ya baridi. Ikiacha ukungu kidogo tu unaofutika kwa kidole inakufaa hata kwenye joto. Muuzaji atakuangalia vibaya lakini hela ni yako bana.

Namba mbili: mafuta mgando, yaani petroli jeli ya kawaida

Najua kuna watakaokunja uso. Lakini kwa kuzuia maji yasitoroke hakuna cha kuifikia, inaweza kupunguza maji yanayopotea kwenye ngozi kwa karibu asilimia 98, wakati mafuta mengine mengi ya kupaka yanapunguza asilimia 20 mpaka 30 hivi. Mkemia mmoja, Robert Chesebrough, aliipatia hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1872 akaiita Vaseline, na alianza kwa kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta wanajipaka ule utando uliokuwa unaganda kwenye mitambo wakiungua au wakijikata. Miaka yote hiyo na bado ipo, na bei yake kawaida ndo ya chini kuliko vyote nilivyotaja hapa.

Shida yake ni kwamba haina maji hata tone. Inafunga kilichopo, sasa kama ulichofunga ni ukavu umefunga ukavu. Kwahiyo unaoga, unajifuta nusunusu, ngozi ikiwa bado na umande ndani ya dakika tatu nne unapaka, na unapaka kidogo sana, punje ya mahindi inatosha mguu mzima ukiipasha kwanza kwenye viganja. Midomo, visigino, vifundo vya vidole, chini ya pua ukiwa na mafua, hapo ndo kwake.

Usoni kwenye joto la unyevu mimi hapana. Jeli yenyewe ikiwa imesafishwa vizuri haizibi vinyweleo kama inavyosemwa, ila jasho na vumbi vinanasa humo. Mwaka mmoja nilikuwa nimezoea kulala nayo usoni wakati wa baridi, uso ulikuwa laini mpaka najishika mwenyewe, joto likaingia nikaona hakuna haja ya kuacha kitu kizuri. Wiki ya pili nikaamka na vipele vidogovidogo vyote saizi moja kwenye paji la uso kama nimemwagiwa mchanga, nikanunua dawa ya chunusi nikapaka juu yake, nayo ikanikausha, nikaongeza jeli kwasababu nimekauka, yaani nilikuwa nazunguka mlemle mwezi mzima na kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni kuacha tu.

Namba tatu: jeli ya maji, kwa joto tu

Hizi ni zile nyepesi zinazopotea ukishapaka, nyingi zina gliserini na nyingine zinawekewa niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ambayo kwenye asilimia 2 mpaka 5 inasaidia ngozi kushika maji na kupunguza madoa polepole. Kwa ngozi ya mafuta kwenye joto la unyevu hii inaruka inakuwa namba moja, sibishi. Angalia tu pombe ya kukausha isiwe kwenye viambato vya mwanzo, ndo inakupa ule ubaridi mtamu ukipaka afu baada ya saa mbili ngozi inavutika. Kwenye baridi kavu jeli hizi hazitoshi hata upake mara tano.

Namba nne: losheni au krimu ya urea

Kama tatizo lako ni miguu na sio uso, ipandishe iwe ya pili. Urea ipo kwenye ngozi yenyewe kiasili. Ikiwa asilimia 5 mpaka 10 inalainisha, ikifika 20 kwenda juu inaanza kumenya ngozi ngumu, hiyo ni ya magaga na sio ya mashavu, tafadhali soma namba kabla ya kupaka. Na kama kisigino kimepasuka mpaka nyama inaonekana usiguse na urea, itachoma utapiga kelele, subiri kwanza pafunge na mafuta mgando.

Namba tano: ile losheni kubwa ya familia

Sehemu kubwa ya chupa ni maji. Sio mbaya, mwili ni mkubwa na krimu ya kopo dogo haiwezi kuumaliza, na msimu wa mvua hewa ikiwa na unyevu inatosha kabisa. Baridi ikiingia ndo utaona unapaka asubuhi, ikifika saa nne umeshapauka tena. Nyingi zina manukato makali, kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi usimpake.

Namba sita: mafuta ya asili

Hapa ntagombana na watu. Shea ni nzuri kwa mwili kwenye baridi, ya alizeti nayo naikubali. Ya nazi inalainisha vizuri miguu na mikono lakini usoni kwa mwenye chunusi inaziba. Ya zeituni ndo siipendi kabisa kwa ngozi, ina asidi ya oleiki nyingi ambayo inaweza kuudhoofisha ule ukuta tuliousema, yaani unapaka ulinde unabomoa. Kitu kuwa cha asili hakikifanyi kiwe kipole, upupu nao ni wa asili.

Namba saba: seramu ya asidi ya hailuroniki

Sisemi ni uongo, inashika maji kweli. Ila haizibi, lazima juu yake upake krimu, na hiyo krimu ikiwa na gliserini ya kutosha umeshalipia kazi hiyohiyo mara mbili. Ikibaki hela baada ya vyote hapo juu, sawa nunua.

Kuna kitu sijakipa namba kabisa, krimu za "kung'arisha" ambazo zinanadiwa sana ngozi za watu zikipauka. Kupauka ni ukavu, hakuhitaji kuchubuliwa. Baadhi ya hizo zimekutwa na zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unaipiga marufuku kwenye vipodozi, nyingine zina steroidi kali (dawa za hospitali za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli inayofanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba baridi ikija haina cha kujitetea. Kopo lisiloorodhesha viambato halinunuliwi, hata kama rafiki yako limempendeza.

Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, nimeitoa kwenye mashindano kwasababu yenyewe haina msimu. Mionzi ya jua ya aina ya UVA inapita kwenye mawingu na inapita kwenye kioo cha dirisha, na kwenye theluji ndo balaa maana theluji inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi ikakupiga kwa chini. SPF ni namba ya nguvu ya kinga, SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya UVB (mionzi ile inayounguza ngozi) na SPF 50 karibu asilimia 98, kwahiyo usiuze shamba kwa ajili ya namba kubwa, angalia kama imeandikwa inazuia UVA pia na kama utaweza kuipaka ya kutosha, mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, na kurudia kila saa mbili ukiwa nje. Kinachobadilika ni uzito tu, ya majimaji kwenye joto, ya krimu kwenye baridi. Sisi wenye ngozi nyeusi, sanskrini zenye zinki zinatuacha rangi ya majivu, tafuta zilizotiwa rangi kwa oksidi ya chuma, zinafanana na ngozi na zinasaidia pia kwa wenye madoa maana zinapunguza mwanga wa kawaida ambao nao unayaongeza.

Sabuni usinunue mpya, punguza tu. Sabuni ya mche iko kwenye pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) 9 au 10 na ngozi iko kama 5, kwahiyo wakati wa baridi mimi napaka sabuni kwapani, kinena na miguuni, kwingine maji ya uvuguvugu yanatosha. Maji ya moto nayajua ni matamu, ndo yanayokuosha mafuta yako mwenyewe.

Ukishanunua kopo jipya lipake kwanza ndani ya kiwiko usiku mara tano sita mfululizo, kusipowasha hamia usoni usiku tu, wiki inayofuata ndo asubuhi. Lile la msimu uliopita usitupe. Nyuma yake kuna kialama cha kopo lililofunguliwa chenye namba kama 6M au 12M, hiyo ni miezi tangu ulipofungua, kwahiyo chukua kalamu ya wino usiofutika uandike tarehe chini ya kopo siku hiyohiyo, afu liweke penye kivuli, sio dirishani wala bafuni kwenye mvuke. Likirudi msimu wake fungua unuse, likinuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana au maji yamejitenga juu halifai hata kwa visigino. Langu la krimu la sasa hivi lina miezi miwili mbele yake, na baridi bado haijafika, kwahiyo nalimalizia kwenye viwiko.