Oakland: duru mbili au kura ya kupanga?
Zamani meya wa Oakland, California, alihitaji zaidi ya nusu ya kura mwezi Juni. Asipofikisha, wawili wa juu walirudiana Novemba. Mwaka 2006 Ron Dellums alivuka nusu hiyo chupuchupu.

Tangu 2010 uchaguzi ni mmoja, na mpiga kura anawapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaenguliwa na kila kura yake inahamia kwa chaguo linalofuata. Mwaka huo Don Perata aliongoza hesabu ya kwanza kwa takriban theluthi. Jean Quan alikuwa na karibu robo. Rebecca Kaplan alipoenguliwa, kura zake nyingi zikahamia kwa Quan, akashinda kwa takriban asilimia 51. Waliolalamika kwamba aliyeongoza mwanzoni alishindwa nawaelewa kabisa. Hata hivyo nauchagua mfumo huu: mfanyakazi wa zamu hapangi foleni mara mbili.