Parvovirusi au bandama? Mtoto wa sikoseli damu ikishuka ghafla

Mtoto mwenye sikoseli akipata homa ya virusi alafu HB (kipimo cha wingi wa damu) ikaporomoka, nyumbani tunasema tu "kaishiwa damu", kumbe kuna mambo mawili tofauti kabisa.

La kwanza ni parvovirusi B19. Hiki kirusi kinaingia kwenye uboho na kusimamisha utengenezaji wa seli nyekundu kama siku 7 hadi 10. Mtoto asiye na sikoseli hata hashtuki maana seli zake nyekundu zinaishi siku kama 120, ila za sikoseli zinaishi siku 10 hadi 20 tu, sasa uboho ukilala wiki nzima unategemea nini? Anapauka, anachoka, moyo unaenda mbio.

La pili ni bandama kunasa damu, yaani damu nyingi inakwama ndani ya bandama, na virusi vinaweza kulichochea. Hili ndo linaniogopesha zaidi, maana ni ishu ya masaa, hasa kwa wa chini ya miaka 5, tumbo linavimba, ukipapasa chini ya mbavu za kushoto unakuta bandama imevimba na kushuka, na mtoto anaweza kuzimia kabla bodaboda haijafika.

Maabara kipimo cha retikulosaiti (seli nyekundu changa) ndo kinatofautisha: kwa parvo huwa chini ya asilimia 1, kwa bandama zinapanda. Kote anaweza kuongezewa damu, ila kwa bandama wanaweka kidogo kidogo coz iliyonaswa huwa inarudi kwenye mzunguko, damu ikawa nzito. Parvo ni nadra kurudia, ila cheki na ndugu zake wenye sikoseli. Bandama hurudia, so mzazi afundishwe kuipapasa.