Kunyoosha na kubadilisha gurudumu la nyuma Kariakoo: nililipia nini, nikapata nini

Baiskeli yangu ni ya resi, ya alumini, gia saba nyuma, ya bei ambayo mtu akiisikia anakuonea huruma. Fremu haina neno. Tatizo ni magurudumu, hasa la nyuma. Naendesha kutoka Kimara kwenda mjini kwa Morogoro Road, na anayepajua pembeni mwa barabara ile, na mifuniko ya mitaro na bodaboda wanaokusukumia kwenye kokoto, hataniuliza kwa nini ringi inacheza. Ilifika mahali inagusa breki kila mzunguko, na spoku za upande wa gia zinakatika moja baada ya nyingine, zote pale penye kona, zinapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Mafundi wa mtaani walinyoosha, ikakaa siku chache, ikarudi kulekule. Wote wanafanya jambo moja: wanatafuta ringi inapogusa, wanakaza spoku za upande wa pili mpaka iache, wanadai hela. Kwa macho imenyooka kweli. Lakini spoku moja imekakamaa na jirani yake imelegea, na ile iliyolegea ndiyo inayokuja kukatika, maana gurudumu likizunguka inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, mpaka chuma kinachoka. Mmoja alitaka kutoa friwili, ule mkusanyiko wa gia unaofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu, kwa patasi na nyundo. Nikachukua gurudumu langu nikaondoka.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Kariakoo. Stendi yake ni uma wa baiskeli ya zamani uliofungwa kwenye benchi, na vipande viwili vya waya ndiyo kipimo. Hakuanza na spana. Alipitisha ukucha kwenye spoku moja moja akisikiliza, kama anayejaribu nyuzi za gambusi, kisha akasema, "Ringi hii haijafa, mwanangu. Imevurugwa tu."

Akazilegeza zote. Tone la oili kwenye kila nati, halafu akaanza upya, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kwanza aliondoa kile kinachofanya ringi iruke juu na chini, ndipo akaja kwenye kushoto na kulia: anakaza huku, analegeza kule, hakazi tu. Kila baada ya muda anabana spoku mbili mbili kwa viganja, zinalia, ringi inatoka kidogo, anairudisha. Hapo kwenye kubana ndipo niliposadiki, kwa sababu spoku iliyojisokota wakati wa kukazwa inajinyoosha palepale benchini, badala ya kukungoja uifikishe Magomeni.

Za upande wa gia alizitoa zote akaweka stenlesi za milimita 2. Zile za zamani zilikuwa za kupakwa zinki, na kwa upepo wa chumvi wa huku zilishashika kutu. Ukizigusa utakuta za kulia zimekaza kuliko za kushoto. Usiende kumgombeza fundi. Gurudumu la nyuma linaachia gia nafasi, kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima zaidi na lazima zivute zaidi ili ringi ikae katikati ya fremu.

Ringi ikatulia. Kilichofuata ni ekseli, ule mhimili wa katikati ya habu, kupinda, na hilo si la fundi. Kwenye habu ya friwili, gololi za kulia zinakaa ndani mbali na fremu, na kipande cha ekseli kilichobaki kinabeba mzigo peke yake. Yeye mwenyewe alinishauri nisiweke ekseli nyingine. Akanitafutia gurudumu la mtumba lenye habu ya kaseti, ambayo gia zinachomekwa juu yake na gololi za kulia zinakaa karibu na fremu, upana milimita 130 kama fremu yangu. Kaseti ya gia saba ilikaa kwenye habu ya gia nane kwa kuongeza pete ya milimita 4.5 nyuma yake, na gia zinaingia kama zamani. Gurudumu na kazi vilinigharimu shilingi 110,000.

Limeniongezea mwendo? Hapana. Kilichobadilisha safari ni tairi: kutoka upana wa milimita 23 kwenda 28, baada ya kuhakikisha zinapita kwenye breki. Upepo najaza kidogo kuliko zamani na mikono haifi ganzi tena. Wanaokushawishi ununue ringi za kaboni zenye kimo kirefu kwa baiskeli ya bei hii, waambie wakukopeshe hela.

Kasoro zipo. Mzee hana kipimo cha mkazo, anategemea sikio, na Kariakoo ya saa sita mchana sikio linapata tabu, mwendee asubuhi. Gololi hakuzipaka grisi mpaka nilipomkumbusha. Na "njoo kesho" yake ina kesho nyingi ndani. Nampa nyota nne. Ukienda, tairi na tyubu vitoe nyumbani, na beba spoku moja nzima ya kila upande ya kupimia urefu, kwa sababu za kulia na kushoto hazilingani.