Draiva za LVDS nzuri, risiva walizonibambikia ndizo balaa

Nyota moja, na hata hiyo naitoa kwa shingo upande. Draiva yenyewe ya njia nne, yaani chipu inayotuma data kwa LVDS (ishara za volti ndogo kwenye jozi ya nyaya), sina ugomvi nayo. Kilichonichefua ni risiva, chipu za kupokea data hiyo, zilizokuja kwenye oda ileile, na jibu la kitengo chao cha wateja.

Niliagiza risiva zisizo na rezista (kipingamizi cha mkondo) ndani, kwa kuwa bodi tayari ina rezista ya omu 100 mwisho wa kila jozi ya nyaya. Wakatuma aina yenye omu 110 ndani. Umbo lilelile, pini zilezile, tofauti ni herufi moja kwenye namba iliyochapwa mgongoni. Kwa kebo fupi huoni kasoro yoyote. Funga kebo ndefu, data inaanza kuchafuka: biti moja hapa, nyingine pale.

Walinijibu kwa kifupi nibadilishe kebo na nijifunze kwanza kabla ya kulalamika. Dharau tupu! Mita ya kawaida inatosha kuwaumbua. Zima umeme, chomoa kebo, pima omu kati ya nyaya mbili za jozi kwenye bodi ya risiva. Ilipaswa kusoma 100, inasoma 52, kwa kuwa rezista ya nje na ya ndani zimekaa sambamba. Ng'oa rezista ya nje, inasoma 110. Kebo haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Na madhara yake si madogo. Draiva ya LVDS husukuma mkondo wa takriban miliampia 3.5. Ukipita kwenye omu 100 unapata milivolti 350. Kwenye omu 52 unaambulia milivolti 180 na ushee. Risiva inahitaji milivolti 100 ili itofautishe moja na sifuri, kwa hiyo akiba ya milivolti 250 imeshuka hadi 80. Tena ishara ikitoka kwenye kebo ya omu 100 na kukutana na omu 52, karibu theluthi ya volti yake inarudi ilikotoka, imegeuzwa. Kebo ndefu nayo ikichukua chake, hakibaki kitu.

Rezista zote nne za nje zilipotolewa, mfumo ulitulia, na draiva inafanya kazi safi kabisa. Kwa hiyo labda nyota tatu? Draiva peke yake ningeipa tano: iwekee kapasita za mikrofaradi 0.1 na nanofaradi 1 karibu na pini ya umeme, usiache pini ya kuiwasha ikielea bila kuunganishwa, na usipime matokeo yake bila mzigo wa omu 100, maana namba utakazoziona hazina maana. Lakini muuzaji amekataa kubadilisha risiva eti zimeshalehemiwa. Hapana, tatu ni nyingi.

Ukinunua kwao, soma namba kwa lenzi kabla ya kulehemu. Kisha gusa mita kwenye pini mbili za ingizo za risiva ambayo haijalehemiwa: ikisoma karibu 110, rudisha mzigo siku hiyohiyo.